Kaza Kidogo Kwanza: Miaka Thelathini na Sita ya Fundi Wetu wa Miguu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mwandamizi wa karakana ya miguu bandia ya hospitali yetu atarudisha funguo tatu, koti moja la kazi na kitambulisho chenye picha isiyofanana naye tena. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na sita na miezi miwili. Katika muda huo amefanya kazi chini ya waganga wakuu saba, amehamishwa chumba mara mbili, na hajawahi kuchelewa isipokuwa siku aliyozaliwa kitinda mimba wake. Siku hiyo alifika saa nne asubuhi na akamwomba radhi kila aliyemkuta, akiwemo mlinzi wa getini.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mkuu wa karakana yake, niandike ukurasa mmoja wa kuwachangamsha watu kabla ya chakula. Nimeandika zaidi ya mmoja, na si yote ya kuchangamsha. Mniwie radhi. Katika kitabu cha kazi cha karakana kuna mstari wa miaka kumi na tisa iliyopita unaosema kwamba mzee huyu aliharibu mguu wa mgonjwa kwa haraka yake. Mstari huo si wa kweli. Nimelijua hilo tangu siku ulipoandikwa, na nimenyamaza. Sitaki aondoke huku mstari huo umesimama kwenye jina lake. Kwa hiyo wasifu utakwenda kwa utaratibu wake wa kawaida, lakini tutaufikia.

Hakuanzia kwenye miguu. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, seremala wa kutengeneza vitanda, makabati na madirisha ya wodi. Wauguzi wa zamani wanasimulia kwamba siku moja alitumwa wodi ya mifupa kubadilisha gurudumu la kitanda lililokuwa limeganda. Juu ya kitanda alilala mgonjwa ambaye ndiyo kwanza amepata usingizi baada ya siku mbili za maumivu. Muuguzi alitaka kumwamsha ili amhamishe. Fundi akaomba aachwe alale. Akajilaza chali chini ya kitanda, akatoa skrubu nne zilizoshikwa na kutu, akafunga gurudumu jipya, akatoka kimyakimya. Mgonjwa hakugeuka hata ubavu. Daktari wa mifupa, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alimfuata kwenye korido akamuuliza kama angependa kuwatengeneza watu badala ya vitanda. Wiki iliyofuata alikuwa karakana yetu, na baada ya mwaka mmoja na nusu wa masomo alirudi na cheti. Cheti hicho kinaning'inia ukutani mpaka leo, kimeinama upande, kwa sababu skrubu yake moja aliihitaji kwa kazi nyingine na hajairudisha.

Wengi wenu mnaipita karakana mkielekea maabara bila kuingia. Ni vyumba viwili. Cha mbele kina benchi la wagonjwa, reli mbili za kushikilia na kioo kirefu ambacho mtu hujitazama humo akijifunza kutembea upya. Cha nyuma kina meza ndefu ya kazi, vumbi jeupe la plasta kwenye kila kitu pamoja na chai yetu, na rafu ya miguu, kila mguu na kikaratasi chake cha jina. Kati ya vyumba hivyo kuna ukuta wa plaiwudi usiofika dari. Mgonjwa akikaa kwenye benchi haoni mguu wake unafanywa nini, ila anasikia. Tutaurudia ukuta huo.

Kwa wasiojua kazi yetu: mguu bandia umeshikwa na skrubu. Mwenye mguu hutokwa jasho, hunyeshewa, hupita kwenye madimbwi, na huosha goti kwa sabuni ingawa tumemkataza. Baada ya mwaka mmoja au miwili skrubu hushikana na chuma kabisa. Ukiijia na bisibisi na mabavu, ncha huruka ndani ya kichwa cha skrubu na kukikwangua mpaka ile nyota ndogo ya kukalia bisibisi inakuwa shimo la mviringo lisiloshikika. Hapo mafundi tunasema skrubu imeliwa kichwa. Mgonjwa yuko benchini na mguu mmoja, foleni inarefuka, na fundi anabaki kuitazama skrubu kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Mzee wetu alikuwa na njia yake, na katika miaka yangu yote pale sikumwona akiruka hatua. Kwanza aliisafisha nyota ya skrubu kwa sindano ya hospitali iliyokwisha muda, akatoa uchafu mpaka mwisho. Kisha tone moja la mafuta mepesi. Kisha anakaa. Ukimuuliza kama bado, anakujibu, "Iache ifikiri." Wagonjwa walilizoea neno hilo hata wakalichukua. Ukipita benchini na kumuuliza mtu kwa nini yupo bado saa saba mchana, atakuambia mguu wake unafikiri.

Baada ya kufikiri, nyundo ndogo, mapigo matatu mepesi. Kisha anachagua bisibisi, na hapo huchagua kweli, kwa kuzijaribu moja moja bila kuzungusha. Anaikandamiza kwa kiganja. Halafu anafanya kitu ambacho kila mgeni hukiona ni kichekesho: badala ya kufungua, anakaza. Anakaza kidogo tu, mpaka skrubu itoe mlio mwembamba, kisha anarudi nyuma nusu ya alipofika, anakaza tena, anarudi. Alitueleza kwamba kutu imezoea kuvutwa upande mmoja na imejiandaa kwa upande huo. Ukikaza kidogo kwanza, inaachia bila kujua. Ndiyo maana hospitali nzima inamwita Kaza Kidogo, na wapo madaktari wanaodhani hilo ndilo jina lake la kwenye barua ya ajira.

Ikiwa kichwa kimeshaliwa, hakulaumu mtu. Alikata kipande cha glavu, akakiweka kati ya bisibisi na skrubu ili mpira ujaze palipokwanguka. Ikikataa, aliipasha kwa ncha ya moto ya solda na kuiacha ipoe. Ikikataa tena, alichonga mfereji kichwani kwa msumeno wa chuma ili bisibisi bapa ipate pa kukaa. Drili ilikuwa ya mwisho kabisa, na aliichukua kwa uso wa mtu anayekwenda kutoa taarifa mbaya. Kila skrubu iliyotoka kwa shida aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya rafu. Fundi mgeni akija, siku ya kwanza humwagiwa kopo hilo mezani na kuulizwa kila skrubu iliuawa na nini. Wote hujibu kutu. Mzee huzirudisha koponi moja moja na kusema kwamba hajawahi kuona skrubu iliyoliwa kichwa na kutu. Zote zimeliwa na watu.

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Kwenye vikao alikuwa akichagua kiti cha karibu na mlango, na mjumbe akizungumza zaidi ya dakika kumi, mzee alikuwa akitoa bisibisi mfukoni na kuanza kukagua kiti cha jirani yake. Vikao vyetu ni virefu, na viti vyetu ni imara kuliko vya idara yoyote. Aliwahi kutoa skrubu ya droo ya mganga mkuu mmoja ambaye alifungia funguo zake ndani, na alipoulizwa anataka nini kama shukrani, aliomba mapumziko ya dakika tano ili mafuta yafikiri kwenye droo ya pili. Dereva mmoja alimletea boliti ya gari lake. Aliitazama kwa heshima, akamrudishia na kumwambia hana mgonjwa anayetembelea gari.

Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno yake, amenipa ruhusa niseme mbele yenu kwamba kitasa cha mlango wao wa jikoni kina skrubu mbili badala ya nne, na kimekuwa hivyo tangu mtoto wao wa pili akiwa chekechea. Mtoto huyo sasa ana mtoto wa chekechea. Mama amesema orodha ya kazi za nyumbani iko tayari na inaanza Jumamosi.

Sasa ule mstari.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na miezi miwili karakana, katika kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Nilitoka chuoni na matokeo mazuri na ulimi mwepesi. Nilishawahi kumcheka mzee mgongoni kwa ile sindano yake.

Asubuhi moja alikuja mwalimu wa darasa la kwanza, mgonjwa wetu wa tangu utotoni. Alipoteza mguu akiwa na miaka minane, na aliyemleta karakana kila wiki kwa miaka miwili, kabla hajaweza kutembea vizuri, alikuwa mama yake, akimbeba mgongoni kutoka kituo cha basi. Siku hiyo mama yake alikuwa anazikwa saa nane mchana. Goti la mwalimu lilikuwa limelegea, linakunjika lenyewe. Alituambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba makaburini kuna kilima, na kwamba anataka kumsindikiza mama yake kwa miguu, si kubebwa tena. Alikaa benchini, akauvua mguu, akanikabidhi.

Mzee alikuwa wodini anampima mgonjwa mpya. Nilikuwa peke yangu chumba cha nyuma, na goti lisingekazwa bila kwanza kufungua skrubu yake iliyoganda.

Magoti bandia ya wakati ule yalitoka kwa watengenezaji wa aina mbili, na hapo ndipo penye kosa ambalo nadhani ni la karakana yetu tu. Skrubu za aina zote mbili zina kichwa cha nyota, na kwa macho zinafanana. Lakini za aina moja zina vistari vinne vidogo sana katikati ya mikono ya nyota, na zinataka bisibisi yake. Bisibisi ya nyota ya kawaida huingia humo, hukaa vizuri, hukupa moyo, halafu huruka. Mzee alikuwa ameizungushia ile inayofaa utepe mwekundu kwenye mpini ili tusichanganye. Nilikuwa nimeambiwa. Siku ile, bisibisi yenye utepe ilikuwa mfukoni mwake, huko wodini, na ilinibidi niende kumwomba mbele ya daktari na wanafunzi wake. Niliona aibu. Nikachukua ya kawaida.

Sikusafisha, sikuweka mafuta, sikukaza kidogo. Nilisukuma kwa uzito wangu wote kuelekea kufungua. Iliruka mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu nyota haikuwepo tena. Nikatazama saa, ilikuwa saa nne na nusu. Nikachukua drili. Ncha iliteleza pembeni ya kichwa ikaingia kwenye ganda la goti, na ganda likapasuka kwa mlio mdogo kama wa kijiti. Hatukuwa na goti lingine la kipimo chake. La kuagiza lingechukua wiki mbili.

Mzee aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni. Alivaa miwani, akasafisha kilichobaki cha kichwa kwa sindano, akaweka tone la mafuta, akangoja, akachonga mfereji, akakaza kidogo, na skrubu ikatoka ndani ya dakika ishirini. Aligeuza goti kwenye mwanga akaona ufa umekwenda mpaka chini. Akaweka kila kitu mezani taratibu, akapita kwenye mlango wa plaiwudi, na nikamsikia akimwambia mwalimu, "Mwalimu, nimekuharibia mguu."

Mwalimu alikwenda kwa magongo. Kulikuwa kumenyesha, na njia ya kilimani ilikuwa tope. Hakuweza kupanda, na alikataa kubebwa. Alibaki kwenye gari chini ya kilima, dirisha likiwa wazi, na mama yake akapandishwa na wengine.

Jioni ile mzee aliandika kitabuni: Skrubu ya goti imeliwa kichwa. Ganda limepasuka. Sababu: haraka ya fundi. Akatia saini yake. Aliniachia kitabu kikiwa wazi nikakisoma, na kama ningetaka kusema neno, hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Nilikuwa na mwezi mmoja wa majaribio uliobaki, na nilijua wazi kwamba kosa la namna ile lingenirudisha nyumbani. Nikafunga kitabu nikakirudisha rafuni. Kabla hajaondoka alinipa ile skrubu mkononi, haikwenda kopo la maziwa, na akaweka bisibisi yenye utepe mwekundu kwenye mfuko wa koti langu. Alisema, "Kuanzia kesho hii inakaa kwako. Mimi ndiye nitakayekuwa nakuomba."

Malalamiko yalikuja, kama ilivyostahili. Kamati ya nidhamu ilikaa, akapewa barua ya onyo, na barua hiyo iko kwenye jalada lake. Nafasi ya mkuu wa karakana ilipita juu ya kichwa chake mara mbili. Mara ya kwanza aliletwa mtu kutoka nje. Mara ya pili, miaka minane iliyopita, nilipewa mimi. Asubuhi niliyoanza alibeba kiti chake, kiti pekee cha karakana kisichoyumba, akakiweka nyuma ya meza yangu. Nilikataa. Akaniambia mkuu anayeyumba anawatia wagonjwa wasiwasi. Nimekikalia kiti hicho miaka minane, na hakijawahi kuyumba, na hakuna siku nimekaa juu yake kwa raha.

Mtaniuliza kwa nini leo. Kwa sababu mwezi uliopita idara ya utumishi iliniletea jalada lake nijaze fomu ya kustaafu, na penye swali la mwenendo kazini mtu alikuwa ameshaandika kwa penseli: onyo moja, uzembe. Nilipiga moyo konde, Jumamosi iliyofuata nikaenda kumtafuta mwalimu.

Siku hizi ni mwalimu mkuu. Nilimkuta peke yake ofisini anasahihisha madaftari, na nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama, kwa sababu nilihofia nikikaa nitaanza na habari za hali ya hewa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka kalamu chini. Kisha akasema alikuwa anajua.

Alijua tangu siku ileile. Alikuwa amekaa upande wa pili wa plaiwudi, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa amemsikiliza mzee akifanya kazi kwenye mguu wake. "Fundi wangu hajawahi kuhema kwenye mguu wangu," aliniambia. "Siku ile kulikuwa na mtu anahema." Malalamiko aliyaandika kwa hasira ya msiba, na aliandika fundi, bila jina. Wiki ya pili alirudi karakana kumwambia mzee kwamba anajua si yeye, na kwamba yuko tayari kwenda kwenye kamati. Mzee alimwomba asiende. Alimwambia, "Yule dada ndiyo kwanza ameingia. Tukimtoa kwa nguvu sasa hivi, hatatoka mzima."

Nilidhani hapo ndipo pangekuwa mwisho wa maneno. Haikuwa hivyo. Mwalimu alisema kwamba kuharibiwa mguu kulimuuma mwaka ule, na kukaa garini kulimuuma zaidi, na vyote viwili alishavimaliza. Ambacho hakukimaliza ni kwamba alikuja karakana mara mbili au tatu kwa mwaka, akakaa kwenye benchi lilelile, akingoja mwenye mkono ule apite mlango wa plaiwudi aje amtazame usoni. Nilimhudumia mara nyingi katika miaka hiyo. Nilimletea chai. Sikupita mlango kwa maana aliyoingoja yeye.

Watoto walikuwa nje wanacheza mpira, na mpira ulipiga ukuta wa ofisi mara mbili. Kisha akafunua pindo la sketi, akauvua mguu na kuuweka juu ya madaftari. Akasema goti linalia kidogo siku hizi, na kwa kuwa nimeshafika, nilitazame.

Nilikuwa na mkoba wangu, na ndani ya mkoba bisibisi yenye utepe mwekundu, ambao sasa umefifia ukawa rangi ya matofali. Nilisafisha kichwa cha skrubu kwa sindano. Nikaweka tone. Nikangoja, na mwalimu akaendelea kusahihisha. Nikagonga mara tatu. Nikakaza kidogo kwanza. Alikuwa ameacha kuandika na kufumba macho, anasikiliza. Skrubu ilipotoka nzima na kichwa chake, nilipangusa uzi unaozunguka shina lake, nikaweka grisi, nikaufunga mguu upya nikampa. Alisimama, akatembea mpaka dirishani na kurudi.

"Hukuhema," alisema.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na yatabaki hivyo. Barua yangu kwa mganga mkuu imeshakwenda, na litakalofuata nitalipokea. Lakini barua haifuti kitabu. Wote waliowahi kufanya kazi karakana wanajua sheria ya kitabu chetu: mstari haufutwi wala haupakwi wino. Unasahihishwa chini yake, na masahihisho hayana nguvu bila saini mbili, ya anayesahihisha na ya yule ambaye jina lake limeandikwa hapo mwanzo. Yangu nimeshaweka. Nimeandika: Skrubu iliharibiwa na mimi, kwa bisibisi isiyo yake na kwa aibu ya kuomba. Fundi aliyetajwa hapo juu hakuwepo chumbani. Jumanne nilimpelekea mzee kitabu atie saini yake. Alivaa miwani, akasoma taratibu, akakifunga, akanirudishia. Alisema, "Iache ifikiri."

Mzee wetu, kwa niaba ya karakana, wodi zote, na watu mia nne na zaidi ambao leo wako njiani, sokoni, madarasani na kwenye ngazi za nyumba zao, wamesimama kwa skrubu ulizozifunga wewe, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa subira yako, ambayo wengine tuliikejeli kabla hatujaihitaji. Mimi nakushukuru kwa jambo ambalo sikustahili na ambalo sikukuomba, na nakuomba radhi kwa miaka ambayo nilikuacha ulibebe peke yako. Ukaende nyumbani kwa amani. Skrubu mbili za kitasa cha jikoni ziko kwenye bahasha ndani ya zawadi yako, na Mama ameshaambiwa. Tunakuombea siku ndefu, mikono isiyotetemeka, chai isiyo na vumbi la plasta, na watu wa kukungoja bila kukuuliza kama bado.

Kitabu kiko kwenye meza ya mbele, kando ya maua, kimefunguliwa kwenye ukurasa huo. Kalamu iko juu yake. Mwalimu amekaa safu ya kwanza, na amekuja kwa miguu. Mzee, imefikiri miaka kumi na tisa. Inatosha.